Argwings-Kodhek, wakili wa Gem

Ndugu, umeuliza Argwings-Kodhek alikuwa nani hata barabara kule Hurlingham, Nairobi, ikapewa jina lake. Huyo ni mtoto wa Gem, Siaya, safari ya matatu moja tu kutoka hapa Kisumu. Alisomea sheria Uingereza, na ndiye anayetambuliwa kuwa wakili wa kwanza Mwafrika Kenya.

Wengi humtaja kwa uwaziri. Mimi nasema kazi yake kubwa aliifanya mahakamani. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, kukutwa na risasi mfukoni kulitosha kumpeleka mtu kitanzini, na yeye, Mjaluo, akasimama kuwatetea washukiwa wa Mau Mau, vuguvugu la kupigania ardhi na uhuru ambalo wengi wake walikuwa Wakikuyu. Huo ulikuwa ujasiri jamani, na watoto wetu wangefundishwa zaidi habari hiyo.

1955 akaanzisha chama cha Nairobi District African Congress. 1957 akashindwa na Tom Mboya kwenye uchaguzi. Baadaye akawa mbunge wa Gem, kisha waziri. Alifariki Januari 1969 katika ajali ya gari Nairobi, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje. Wapo ambao hawakukubali kamwe kwamba ilikuwa ajali. Uchaguzi mdogo wa Gem uliofuata, KPU (Kenya People's Union), chama cha upinzani cha Jaramogi Oginga Odinga, ikakinyakua kiti mbele ya KANU, chama tawala.