Futa hiyo gemu ya "utaishi miaka mingapi" kabla hujalipa advansi

Mkuu, umeomba ushauri wa skrini ya onyesho lako kuhusu kwa nini wasionacho wanaugua zaidi. Hapo uliposema mgeni wa onyesho anachagua chakula, mazoezi na sigara halafu skrini inamwambia ataishi miaka mingapi, simama hapohapo. Usilipe advansi. Kama umeshalipa, pole, ila bado usiendelee.

Mimi gemu hiyo nimeitengeneza. Ni hiyohiyo, mpaka kikaragosi kinachonenepa nilikuwa nacho. Skrini kali, tachi inaitikia fasta, watoto foleni, mabosi wanapiga picha, mimi kifua mbele. Mada ilikuwa kama yako, kwa nini wasionacho wanaugua zaidi na kufa mapema. Sasa siku moja nikajibanza pembeni nisikie watu wanasema nini. Jamaa mmoja kabonyeza mboga, kabonyeza kukimbia asubuhi, sigara hapana, kapata miaka 90 na fataki juu. Akamgeukia mwenzake, "Kumbe hawa maskini wanajitakia." Aisee! Bajeti yote ya onyesho imeteketea kumfundisha mtu kinyume cha mada, na pongezi za fataki nimempa.

Baada yake akaja mama mmoja, kidole kikabaki hewani, akamuuliza binti wa mapokezi, "Mimi nafanya kazi usiku, nabonyeza wapi?" Hakukuwa na pa kubonyeza.

Na haya mambo yanajulikana siku nyingi. Ripoti ya kamisheni ya Shirika la Afya Duniani ya 2008 imeandika wazi kwamba mtoto wa kiume wa Calton, mtaa wa maskini kule Glasgow, Scotland, alitarajiwa kuishi miaka 54, wa Lenzie, kwa wenye nacho, kilomita chache tu kutoka hapo, miaka 82. Sasa hao vichanga nani alikataa kula mboga? Utafiti wa Whitehall kwa watumishi wa serikali Uingereza, ulioanza 1967, ulikuta wa vyeo vya chini wanakufa zaidi kwa moyo, na hata ukihesabu sigara, presha na kolesteroli, sehemu kubwa ya pengo inabaki palepale. Konsalta wangu alikuwa na hizo ripoti kwenye laptopu, nimeziona kwa macho yangu! Yeye ni "mgeni lazima ajisikie ana uwezo wa kuamua", slaidi baada ya slaidi, na mimi naitikia kwa kichwa kama mjusi ukutani. Mtu tunayemzungumzia kukosa uwezo wa kuamua ndiyo shida yake yenyewe, wewe unampa vitufe vya kuamua!

Kwa hiyo shika hili moja: kile mgeni anachokizungusha kwa mkono ndicho atakachoamini ni chanzo. Mpe azungushe mlo, ataondoka anaamini ni mlo. Mpe azungushe umbali wa maji, zamu za kazi, unyevu wa nyumba, foleni ya zahanati.

Nilichokuja kufanya baadaye hakina hata umeme. Trei mbili za mbao, kila moja ina nafasi 24, kila nafasi saa moja ya siku. Mgeni anapewa vipande vya kulala, kupika, mazoezi, kwenda kupima presha, avipange. Trei ya kwanza vinaingia vyote. Ya pili imeshapigiliwa skrubu vipande vya safari ya kazini, kuchota maji na kusubiri daktari, kwa hiyo anasukuma, anageuza, mwisho anachomoa usingizi ili kupima presha kupate nafasi. Watu wazima wanabishana na mbao pale! Pembeni kuna kishikizo cha bomba la maji, ukilisogeza karibu, skrubu ya kipande cha kuchota maji inaachia.

Ulikuwa umeuliza na mambo ya inchi za skrini na lugha sijui ngapi, wadau wengine watakuja. Wewe kwanza kata maboksi, tengeneza trei za majaribio, waite watu wanaoishi hayo maisha wazichezee wao kabla ya bosi yeyote. Wakitoka waulize kwa nini mwenye trei ya pili anaumwa zaidi. Wakikujibu "mvivu", rudi kwenye maboksi.