Supamoto au pikipiki ya lami na vumbi kwa kazi za vijijini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni afisa mifugo katika Wilaya ya Mufindi. Kwa miaka mingi nimetumia Yamaha DT125, lakini injini yake sasa imechoka kiasi kwamba fundi ananishauri nisiifungue tena. Jijini Dar es Salaam nimeonyeshwa pikipiki mbili zilizotumika, zote zimetoka Japani na bei zake zinakaribiana: Suzuki DR-Z400SM ya mwaka 2007 na Honda CRF250L ya mwaka 2014. Moyo wangu uko kwa Suzuki kwa sababu ya nguvu na breki zake. Je, nikiifunga matairi ya vumbi, itanifaa wakati wa kifuku?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Ndugu msomaji, sifa ulizozitaja ni za kweli. DR-Z400SM ina injini ya sentimita za ujazo 398, diski ya breki ya mbele yenye kipenyo cha sentimita 30, na shokapu zinazoweza kurekebishwa. Hata hivyo ni supamoto, yaani pikipiki ya vumbi iliyogeuzwa iwe ya lami na kona kali, na kwa kazi yako sikushauri uichukue.

Sababu kubwa ni rimu, wala si matairi. Rimu zake zote mbili ni za inchi 17, na tairi la mbele ni la 120/70, pana na fupi, ilhali Honda ina rimu ya mbele ya inchi 21 yenye tairi jembamba la 3.00. Ukipima kutoka chini hadi juu, gurudumu la mbele la Honda linalizidi la Suzuki kwa takriban sentimita 9, na kimo hicho ndicho kinacholiwezesha kupanda jiwe au kutoka kwenye mfereji uliochimbwa na malori ya magogo, mahali ambapo gurudumu dogo hujigonga na kuupindisha usukani mikononi mwako. Katika udongo mwekundu ulioloa, tairi jembamba hukata tope na kutafuta ardhi ngumu chini yake, lakini pana huelea juu na kuteleza. Matairi ya vumbi ya inchi 17 yapo, ingawa ya mbele ni machache, na hata ukiyapata hayataongeza kimo cha gurudumu kiasi cha kutosha.

Kama bado unaitamani Suzuki, mtafute ndugu yake, DR-Z400S, ambaye alitoka kiwandani na rimu za inchi 21 mbele na 18 nyuma. Kiti chake kina kimo cha milimita 935, kwa hiyo mtu mfupi aliyebeba kasha la chanjo kwenye keria atapata taabu kusimama kwenye mteremko wenye utelezi. Kiti cha CRF250L ni milimita 875.

Honda nayo ina mapungufu yake. Nguvu yake ni ndogo, na tangi lake hubeba lita 7.7 tu. Haina kabureta, hutumia mfumo wa kupuliza mafuta unaotegemea betri na petroli safi, kwa hiyo petroli ya chupa za vijijini uichuje vizuri. Haina kiki pia, kama ilivyo Suzuki hiyo, jambo ambalo mtu aliyezoea DT125 atalihisi siku betri itakapokufa porini. Vipuri vya zote mbili havipatikani kila duka kama vya Boxer, basi ulizia kwanza bei ya sahani za klachi na pedi za breki.

Siku ya kuikagua, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha uguse injini uhakikishe ni ya baridi, kwa maana injini iliyopashwa moto huficha mengi. Nyanyua gurudumu la mbele, uzungushe usukani taratibu. Ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Tikisa kwa pembeni mkono wa nyuma, yaani chuma kinachoshika gurudumu la nyuma, gonga spoki moja moja, na uangalie kama shokapu za mbele zinavuja oili. Oili ya injini yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji, na hapo usiendelee na mazungumzo ya bei. Kwa DR-Z yoyote, sikiliza pia mlio wa mnyororo wa ndani ya injini, kwa sababu kikaza mnyororo chake cha kujiendesha kinajulikana kwa kuharibika, na wamiliki wengi hukibadilisha kwa kile cha kukaza kwa mkono.

Mwisho, linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na iliyoandikwa kwenye kadi ya usajili, au kwenye nyaraka za forodha ikiwa haijasajiliwa bado, na usimalize kulipa kabla hujazishika nyaraka hizo mkononi.