Kuzalisha wanyamapori kwa ajili ya kuwauza nchi za nje: hukumu yake ni ipi?

SWALI:

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Shekhe, mimi na mwenzangu tuna leseni ya kufuga na kuzalisha kasuku, na sasa tunataka kuongeza mamba kwa ajili ya ngozi. Tunawauzia wanunuzi wa nje kwa vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini. Nina mambo yananitatiza. Kuna ndugu msikitini ananiambia mnyama asiyeliwa haifai kumuuza, kwa hiyo pato langu ni haramu. La pili ni mwenzangu: vizimba vikipungukiwa hununua kasuku kwa wategaji na kuwaandika kwenye fomu kuwa wamezaliwa kwetu. Nikimsema, hunijibu kuwa ndege wa porini Allah amewaumbia watu wote, serikali haina haki ya kuwazuia, na mnunuzi hajapunjwa kwa kuwa ndege ni yule yule. Vilevile nauliza kuhusu kuchukua mayai ya mamba kwenye viota vya porini, na kuhusu wanunuzi wanaotaka kulipia makinda ya msimu ujao kabla mayai hayajatagwa. Mwisho, kuna mfugaji anataka kutukodisha dume lake kwa ajili ya kupandisha. Allah akulipe kheri.

JIBU:

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu yangu, nianze na la msikitini maana ni jepesi. Kuliwa ni jambo moja na kuuzika ni jambo jingine. Punda wa kufugwa haliwi, na Waislamu wamemuuza na kumnunua tangu zama za Mtume (S.A.W.) hadi leo. Mafakihi wanapotazama uuzaji wa mnyama huuliza: je, ni twahara, ana manufaa yanayokubalika kisheria, ni mali ya anayemuuza, na anaweza kukabidhiwa? Imam Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu ya Shafi, amemtaja duma kwa kuwindia, tausi kwa uzuri wa rangi zake na ndege wa sauti nzuri kuwa ni katika wanaofaa kuuzwa. Kasuku yumo humo bila taabu. Na Anas (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtania mdogo wake kwa kumuuliza, "Ewe Abu Umayr, kimefanya nini kile kindege?" Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na wanazuoni wameichukua kuwa dalili ya kufaa kumfuga ndege, maadamu anapewa haki zake.

Mamba ana maneno kidogo zaidi. Ngozi yake ikishadibaghiwa, yaani ikitengenezwa isioze, hutwaharika, kwa hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) iliyopokewa na Muslim, hivyo kuuza ngozi iliyotengenezwa hakuna tatizo. Kumuuza akiwa hai kwa ajili ya ngozi tu, Mashafi wamekaza, na Wamaliki wamelegeza katika wanyama wakali wanaotakiwa ngozi zao. Mimi naona kuchukua kauli ya Wamaliki hapa kuna nafasi. Mwambie ndugu yako wa msikitini ajizuie kuharamisha bila elimu.

Sasa tuje kwa mwenzako, na hapa sitakuwa na haraka.

Mkataba wa CITES ulitiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1975, na leo nchi zaidi ya 180 zimo ndani yake. Viumbe wamegawanywa katika viambatisho vitatu kulingana na hatari inayowakabili, cha Kwanza kikiwa cha walio hatarini zaidi. Kila kibali cha kusafirisha kina kisanduku cha kujaza herufi ya asili ya mnyama: W ni wa porini, R ni aliyechukuliwa porini akiwa yai au mchanga kisha akakuzwa kwa usimamizi, C ni aliyezaliwa kizimbani, na D ni wa Kiambatisho cha Kwanza aliyezalishwa kibiashara kwenye shamba lililosajiliwa. Kuzaliwa kwenye banda lako peke yake hakutoshi kumpa mnyama herufi C. Sharti wazazi wake wawe wamepatikana kihalali, na shamba liwe limekwisha kutoa kizazi cha pili, au linaendeshwa kwa njia iliyothibitika kuwa inaweza kukitoa.

Kama hao kasuku wenu ni wale wa kijivu, jambo ni zito zaidi. Mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 uliwapandisha hadi Kiambatisho cha Kwanza, na hukumu hiyo ikaanza kufanya kazi Januari 2017. Kwa mkataba huo, wa kutegwa porini haruhusiwi kuuzwa nje kibiashara, na njia iliyobaki ni ya waliozaliwa kizimbani kwenye mashamba yaliyoandikishwa kwa sekretarieti ya mkataba iliyoko Geneva.

Kwa hiyo mwenzako anapoandika ile herufi moja, anatoa ushahidi. Afisa wa nchi ya pili hajafika bandani kwenu na wala hatafika. Ana karatasi tu mkononi, na kwa karatasi hiyo anapitisha mzigo. Abu Bakra (R.A.) anasimulia kuwa Mtume (S.A.W.) aliwatajia masahaba madhambi makubwa kupita yote: kumshirikisha Allah na kuwaasi wazazi wawili. Alikuwa ameegemea, kisha akaketi sawasawa, akasema, "Na jueni, ni kauli ya uongo." Akawa anairudia rudia mpaka masahaba wakatamani laiti angenyamaza. Imo katika Bukhari na Muslim. Mwenzako na aisome hadithi hiyo kabla ya kushika kalamu tena.

Anasema ndege ni yule yule. Hapana, na yeye mwenyewe anajua. Kinda wa kizimbani huvishwa mguuni pete isiyo na kiungo akiwa na siku chache tu, vidole vyake vikiwa bado laini kiasi cha kukusanywa pamoja na kupitishwa. Akishakua, pete ile haiingii tena wala haitoki. Basi pete ya kasuku mkubwa aliyenaswa kwa ulimbo imepitia wapi? Ama ni pana kuliko kipimo chake, ama imekatwa na kubanwa upya kwa koleo. Hiyo ni ghushi ya kushikika. Mtume (S.A.W.) alipita kwenye rundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono, vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Akamuuliza mwenyewe, "Ni nini hiki, ewe mwenye chakula?" Akasema kimenyeshewa na mvua. Akamwambia, "Kwa nini usikiweke juu watu wakakiona? Anayeghushi si katika mimi." Ameipokea Muslim. Mnunuzi wenu analipia asili ya ndege, kwa sababu wa porini huweza kuja na maradhi, huogopa watu, na mara nyingi hukataa kuzaa kizimbani. Na hata mnunuzi angejua na kuridhia, bado mngekuwa mmemdanganya aliyetoa kibali, na mmemdhulumu mfugaji mwingine anayengoja miaka kadhaa jozi yake ianze kutaga ilhali nyinyi mnapata "makinda" kwa wiki.

Ama hoja kwamba wanyama wa porini Allah amewaumbia wote, msingi wake ni sahihi. Mnyama wa porini ni mubaha, yaani ni halali kwa yeyote kumchukua, na asili ya fiqhi ni kuwa anayemkamata kwa njia ya halali ndiye anayemmiliki. Lakini mubaha huweza kuwekewa mpaka na mwenye mamlaka kwa maslahi ya watu. Mtume (S.A.W.) alilihifadhi bonde la Naqi' lisichungwe ovyo, Umar (R.A.) naye akahifadhi eneo la Rabadha, na yote hayo yalikuwa malisho ambayo asili yake ni ya kila mtu. Kanuni ya mafakihi inasema maamuzi ya mtawala kwa raia yamefungamana na maslahi. Sidhani kuna mtu atakayebisha kuwa kumzuia ndege asimalizwe ni maslahi. Kwa hakika hoja ya mwenzako inamgeukia: kama ndege hawa ni wa watu wote, nani amempa yeye ruhusa ya kuwamaliza?

Na tuseme haitambui serikali hiyo wala mkataba wake. Hakuna aliyemlazimisha kuomba leseni. Aliiomba mwenyewe, akasoma masharti, akatia saini. Allah (S.W.T.) anasema: "Enyi mlioamini! Timizeni ahadi." (Al-Maidah: 1). Na Mtume (S.A.W.) amesema Waislamu hushikamana na masharti yao.

Utafanyaje? Usitie saini tena fomu yoyote usiyokuwa na hakika nayo, hata moja, kwa kuwa Allah amekataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Mnasihi mwenzako faraghani. Akikataa, jitoe. Ushirika katika fiqhi ni mkataba ambao kila mmoja anaweza kuuvunja, na mtagawana mali iliyopo. Wale kasuku wa porini waliomo vizimbani msiwauze, na pia msiwafungulie mlango waende zao. Ndege aliyekaa na wengine bandani anaweza kurudi na ugonjwa kwa kundi zima la porini. Pelekeni habari kwa mamlaka ya wanyamapori. Najua hili ni zito na huenda leseni ikaondoka, lakini sina njia nyepesi ya kukupa. Waliokwisha kununua wana haki ya kuelezwa, na atakayetaka kurudisha ndege ana khiyari, yaani haki ya kuchagua. Pato la ndege hao msile.

Kuhusu mayai ya mamba, ikiwa mamlaka imeruhusu na idadi imewekwa, inafaa. Utaratibu huu si mgeni: Zimbabwe iliruhusiwa na mkataba mwaka 1983 kuuza mamba wake kwa mpango wa kukuza mayai ya porini. Nao una adabu zake. Mkusanyaji stadi huchora alama kwa penseli juu ya kila yai kabla ya kulinyanyua, ili likae upande ule ule mpaka kwenye mashine ya kutotolea, maana yai la mamba likigeuzwa, kiinitete kilichojishika juu hufa.

Utaniuliza: na hadithi ya yule ndege? Ibn Mas'ud (R.A.) amesimulia kuwa walikuwa safarini, wakachukua makinda mawili ya ndege, mama yake akaja akawa anatandaza mbawa zake juu yao. Mtume (S.A.W.) akasema, "Nani aliyemhuzunisha huyu kwa watoto wake? Mrudishieni watoto wake." Ameipokea Abu Dawud. Makatazo haya naona yanawagusa zaidi nyinyi wa kasuku kuliko wa mamba. Yai lililochukuliwa mapema halijawa mtoto anayeliliwa, ilhali kuna wafugaji wanaomtoa kinda wa kasuku kiotani angali hana manyoya, wamlishe kwa mkono azoee watu na bei ipande. Mashafi wameharamisha kumtenga mnyama mchanga na mama yake kwa kumuuza kabla hajaweza kujitegemea, isipokuwa kwa kuchinjwa. Basi mwacheni kinda mpaka ale mwenyewe. Bei ikishuka, na ishuke.

Na kwa kuwa umetaja kusafirisha, kumbuka mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ale vya ardhini. Ndege ya abiria ikichelewa saa nyingi, mnyama ndani ya sanduku bado ni amana yako hadi apokelewe. Masanduku yana vipimo vyake vya kimataifa, vya hewa, nafasi na maji. Vifuateni.

Malipo ya makinda ambayo hayajatagwa hayafai. Ibn Umar (R.A.) amepokea makatazo ya kuuza kilichomo tumboni mwa kilichomo tumboni, na makinda ya jozi fulani ya msimu ujao yamo katika gharari hiyo hiyo, yaani kuuza kisichojulikana kama kitapatikana. Wengine hutaka kuipitisha biashara hii kwa mlango wa salam, yaani kulipa bei yote leo kwa bidhaa iliyoelezwa sifa zake na kukabidhiwa baadaye. Salam kwa mnyama imeruhusiwa na Mashafi, lakini haifungwi kwa uzao wa mama maalumu, na haisihi kwa kitu adimu ambacho wakati wa kukabidhi huenda kisipatikane. Mnyama aliyewekwa kwenye viambatisho kwa uchache wake, tena anayengoja kibali ambacho huenda kisitoke, huwezi kudhamini kuwa utamkabidhi. Asiyekabidhika kisheria ni sawa na asiyekabidhika kabisa. Chukueni ahadi bila fedha, na kibali kikitoka na makinda yakiwepo, fungeni mauzo.

Dume la kukodi: msilipe. Mtume (S.A.W.) amekataza malipo ya kupandisha dume, kwa hadithi ya Ibn Umar katika Bukhari. Wamaliki wameruhusu kukodi kwa muda maalumu au idadi inayojulikana, na kauli iliyo sahihi kwa Mashafi ni kukataza kulipia kupandisha na kukodi dume pia. Mwenye dume akiwaazima bure, nanyi baadaye mkamkirimu kwa zawadi ambayo hamkushartiana, hapo hakuna ubaya, kwani Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu ukarimu wa namna hiyo akauruhusu. Ila na dume huyo karatasi zake mzikague kabla hajaingia bandani, kwa sababu mzazi asiyepatikana kihalali huharibu hadhi ya kila kinda atakayemzaa.

Wallahu a'lam.