Ukiona "-ly", Ivue Kwanza

Juzi mdogo wangu mmoja, msomaji wa hapa, kaniandikia: "Dada, Jumanne nina usaili wa kusoma taarifa kwa Kiingereza. Maneno marefu yananiangusha." Nilishindwa kulala. Nilimwona mimi wa miaka tisa iliyopita.

Nilikwenda kwenye usaili wa utangazaji nikiwa na gauni la kuazima. Nikapewa karatasi. Mstari wa pili, "particularly". Nikasoma pa-ti-ku-LA-li. Msaili mmoja akaweka kalamu chini, akamtazama mwenzake, wakacheka. Nilipofika "unfortunately" nikasema an-fo-chu-NEI-tli, wakaniambia inatosha. Kicheko kile bado kinaniuma, maana hakuna aliyenieleza nimekosea nini.

Jibu nililipata mwenyewe, usiku, na kamusi mapajani. Ulimi wangu ulikuwa unafuata Kiswahili. Kwetu mkazo, yaani ile nguvu ya sauti ninayoiandika hapa kwa herufi kubwa, hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka nao unahama: kiTAbu, kitaBUni. Kiingereza kikibandika "-ly", kwa kawaida mkazo hauhami. "Particular" ina mkazo kwenye TI, basi ni pa-TI-kyu-la-li. "Fortunate" ni FO, basi an-FO-chu-nat-li. Silabi zinazofuata zinapita haraka, nyepesi. Sisi tumezoea kuipa kila irabu haki yake, na hapo ndipo tunapojikwaa.

Kwa hiyo vua "-ly", utafute mkazo wa neno lililobaki. Kwenye kamusi nyingi, kile kialama kidogo cha juu hukaa mbele ya silabi yenye mkazo. Pigia mstari kwa penseli, gonga meza ukifika hapo. Gonga tena. Maneno ya "-ically" yanadanganya macho: "basically" ni silabi tatu tu, BEI-sik-li, na "automatically" ni o-to-MA-tik-li. "Necessarily" ina njia mbili: matamshi ya zamani ya Uingereza huanza na NE, Wamarekani huuhamisha mkazo hadi silabi ya tatu, ne-sa-SE-ri-li. Shika moja.

Mwezi uliopita nilisoma ripoti ya mwaka mbele ya ukumbi uliojaa. "Simultaneously" ilipita, si-mul-TEI-ni-as-li, kama maji. Wadogo zangu, acheni kusoma kimoyomoyo! Mdomo haujifunzi kwa macho. Someni kwa sauti, hata majirani wakisikia. Mkichekwa, rudieni.

Nawe wa Jumanne, leo anza na "approximately". Vua "-ly". Linabaki a-PRO-ksi-mat. Haya, irudishe.