Anayeshika Mkia Pangoni: Barua kwa Mwanangu

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako niliipokea Ijumaa, nikaisoma kabla ya kwenda msikitini na nikairudia usiku mama yako alipokwisha kulala. Sisi hatujambo, na ule mguu wake haumsumbui tena. Unanieleza kwamba umeomba ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi wako wa kidato cha pili katika mapango ya Amboni, hapa kwetu Tanga, na kwamba kikaoni mzazi mmoja alisimama akauliza: "Huko gizani wanakwenda kupata nini ambacho hakimo vitabuni?" Ulikosa jibu la kumtosheleza, na sasa unaniuliza mimi, niliyewapeleka watoto wa watu huko mwaka hadi mwaka katika miaka yangu 22 ya kufundisha Jiografia. Swali lake ni la haki, mwanangu, na usimwone mkorofi. Mimi mwenyewe sikulijua jibu nilipokwenda mara ya kwanza; nililipata humo humo pangoni, kwa njia ambayo nisingependa uipitie.

Ilikuwa mwaka 1987. Nilikuwa na wanafunzi 41, mwongoza wageni mmoja na tochi tatu, na nilijiona nimejiandaa. Tulipofika mahali njia inapobana hata mtu hupita kwa kuinama, tochi ya nyuma ilizimika, na mimi nilikuwa nimekwisha pita upande wa pili. Watoto 15 walibaki katika giza la pangoni, ambalo halifanani kabisa na giza la usiku. Usiku una nyota, una taa ya jirani, na hata umeme ukikatika jicho huzoea baada ya muda mfupi na kuanza kutambua umbo la mlango. Pangoni jicho halina cha kuzoea, kwa kuwa hakuna mwanga hata chembe. Unaweza kuinua mkono mbele ya uso wako, ukangoja saa nzima, na bado usiuone. Msichana mmoja alianza kulia, na kilio chake kikawaambukiza wengine. Ndipo nikasikia sauti kutoka mwisho kabisa wa msafara ikisema kwa utulivu: "Kaeni chini. Kila mtu ashike bega la aliye mbele yake, ataje jina lake." Majina yakaanza kuja, moja baada ya jingine, kutoka kule nyuma hadi nilipokuwa mimi, nami nikayahesabu mpaka yakatimia 15. Nilirudi na tochi yangu nikawakuta wote wamekaa mstari mmoja kama walioketi kwenye mtumbwi. Mmoja tu alikuwa amechubuka ugoko. Kosa lilikuwa langu, na niliwaeleza wazazi hivyo siku iliyofuata.

Lakini sauti ile ndiyo ninayotaka uifikirie. Ilikuwa ya kijana aliyeshika mkia katika mtihani wa muhula uliotangulia, wa 41 kati ya 41, ambaye kwa miaka miwili sikuwahi kumsikia akijibu swali darasani. Nilikuwa nimemweka nyuma ya msafara kwa sababu ile ile iliyomweka nyuma ya darasa, yaani kwamba sikutarajia kitu kutoka kwake. Usiku ule sikulala. Nilijiuliza ni vijana wangapi nimewapima kwa kipimo kimoja tu, na ni wangapi wamemaliza shule wakiamini kwamba kipimo changu ndicho kipimo cha dunia.

Kwa hiyo, jibu langu la kwanza kwa mzazi yule ni hili: pangoni mpangilio wa darasa huvunjika. Darasani kushika mkia ni aibu. Pangoni anayeshika mkia ndiye mwenye dhamana kubwa kuliko wote baada ya mwongozaji, kwa sababu hakuna mtu nyuma yake wa kusahihisha alichokosea. Yeye ndiye anayejua kama mtu amebaki, na yeye ndiye anayehesabu vichwa kila njia inapogawanyika. Mwenye miguu myepesi hawezi kukimbia mbele, maana mwendo wa msafara hupangwa na yule anayekwenda polepole, na anayetangulia peke yake hajui kama njia aliyoishika inarudi nje. Baada ya safari ile niliweka zamu ya kushika mkia, na haukupita muda kabla vijana hawajaanza kuigombania. Nilishuhudia wasichana waliokuwa wakificha nyuso zao ubaoni wakiwaambia wavulana, kwa sauti isiyotetereka, "Simama, bado hatujatimia." Sauti kama hiyo huifundishi kwa chaki.

La pili ni somo lenyewe. Nilifundisha kwa miaka mingi kwamba maji ya mvua huchukua hewa ya ukaa kutoka angani na ardhini, yakawa tindikali dhaifu, na kwamba tindikali hiyo huyeyusha jiwe la chokaa. Wanafunzi waliandika, wakakariri, wakafaulu, na hawakuamini hata neno moja. Peleka siki kidogo na kipande cha jiwe la chokaa ulichookota barabarani, usikivunje pangoni, na uwaoneshe jinsi jiwe linavyotoa povu kabla hamjaingia. Kisha waingie wakaone tone likining'inia darini na lingine likidondoka sakafuni, na uwaambie kwamba kila tone linapopoteza hewa ile huacha chembe ndogo ya chokaa, na kwamba mawe marefu wanayoyaona yakishuka kutoka juu na kupanda kutoka chini yamejengwa hivyo, kwa sehemu ndogo ya milimita kwa mwaka. Waambie kwamba mawe ya Amboni yalitandazwa chini ya bahari takriban miaka milioni 150 iliyopita, na kwamba ni mawe ya namna hiyo hiyo ambayo watu wa Tanga huyachoma kupata chokaa na kuyasaga kutengeneza saruji. Kijana aliyelala katika nyumba ya saruji maisha yake yote hutoka humo akizitazama kuta kwa macho mengine. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, kumbe nyumbani tunaishi ndani ya bahari." Nimefundisha somo lile mara nyingi, na sijawahi kulieleza vizuri kama alivyolieleza yeye.

Utakutana pia na hadithi. Watasimuliwa juu ya Wazungu waliopotea mle pamoja na mbwa wao, na mbwa akaonekana baadaye karibu na Mlima Kilimanjaro. Usiicheke hadithi hiyo, wala usiwakataze kuisimulia. Wape kamba yenye fundo kila mita moja, dira na daftari, uwaambie wapime njia waliyopita. Wapimaji waliolichunguza eneo lile mwaka 1994 waliona kwamba ni mapango 10 yaliyotengana, na refu kuliko yote halifiki hata kilomita 1. Vijana wanapochora ramani yao wenyewe, wakabishana juu ya kona iliyopotoka na kurudi kuipima upya, hujifunza kwamba jambo la kusikia na jambo la kupima ni vitu viwili, na kwamba mtu anaweza kuviheshimu vyote. Nasema kuviheshimu kwa sababu wapo wanaokwenda mle kutambika, na mtaona vitu walivyoviacha. Mimi si mtu wa mambo hayo, nawe unajua, lakini niliwafundisha wanafunzi wapite kimya na wasiguse kitu. Pango lilikuwa na wenyewe kabla yetu.

Wakiwa tayari kusikiliza, waeleze habari ya Panga ya Saidi, huko Kilifi, Kenya, upande wetu huu huu wa pwani. Watafiti walifukua humo mabaki ya mtoto wa miaka kati ya miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa takriban miaka 78,000 iliyopita, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Ndilo kaburi la kale kuliko yote ya binadamu yanayojulikana hadi sasa barani Afrika, na watafiti walimpa jina la Kiswahili, Mtoto. Alilazwa kwa ubavu, miguu imekunjwa, na jinsi kichwa kilivyokaa inaonesha kwamba kilikuwa kimewekewa kitu kama mto, ambacho kimekwisha kuoza. Mimi nilikuwa nimestaafu habari hiyo ilipotoka, na nilisikitika kwamba sina darasa la kuisimulia. Fikiria kijana wa miaka 15 akiwa amekaa pangoni, taa imezimwa kwa dakika moja kwa hiari yake, akisikia kwamba mahali kama hapo mtu fulani alimwekea mtoto wake mto.

Sasa nije kwenye hofu, kwa maana mzazi yule ana haki ya kusikia habari zake pia. Wengi wanakumbuka wavulana 12 na kocha wao waliokwama katika pango la Tham Luang, Thailand, tarehe 23 Juni 2018, baada ya mvua kufurisha njia. Walipatikana wakiwa hai tarehe 2 Julai na wa mwisho wao akatolewa tarehe 10, lakini mpiga mbizi Saman Kunan alikufa katika kazi ya kuwaokoa. Usiende wakati wa masika, wala wakati wa vuli, na hata kiangazi uangalie mawingu na umuulize mtunza mapango hali ya Mto Mkulumuzi. Kila kijana awe na kofia ngumu na taa yake mwenyewe, na kila kundi liwe na taa za akiba na betri mpya. Mimi nilijifunza hilo kwa machozi ya watoto wa wenzangu. Wasizidi 10 kwa mtu mzima mmoja, na mtu aliye nje ajue saa mtakayotoka na afanye nini msipotoka.

Juu ya popo nakuomba usilegeze hata kidogo. Popo wana faida, na wale wala matunda ndio wanaochavusha mibuyu yetu, lakini popo wala matunda wanaokaa mapangoni hubeba virusi vya Marburg, viletavyo homa kali inayoweza kumvujisha mtu damu. Watu wawili waliotembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon, Kenya, mmoja mwaka 1980 na mwingine, kijana wa shule, mwaka 1987, waliugua ugonjwa huo na wakafa, na hapa nchini umetokea mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Kabla hujaweka tarehe, pata ushauri wa mganga mkuu wa wilaya kwa maandishi. Msiingie katika sehemu walikolala popo, msiguse kinyesi chao, msile wala kunywa mkiwa ndani, na mnawe kwa sabuni mkitoka. Wakikwambia usubiri, subiri. Mapango hayaendi popote.

Mzazi yule umwalike aje pamoja nanyi. Nilifanya hivyo kwa baba mmoja aliyenipinga vikali. Nilimpanga katikati ya msafara, na binti yake ndiye aliyekuwa na zamu ya mkia. Alimsikia mwanawe akihesabu majina gizani, pamoja na lake. Alipotoka nje hakuniambia kitu, ila mwaka uliofuata alileta mwenyewe kofia ngumu 6 za mafundi wake.

Kamba yangu yenye mafundo bado ninayo, ya mita 30, na nimeifua jana. Nitakutumia kwa basi la Jumatatu pamoja na daftari la ramani za miaka ile. Kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, lakini ile ya njia kuu inasomeka.

Baba yako