Muulize Mwalimu wa Mbio: Medali ya Seoul ilikuwa ya nani?

Mwezi huu nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inanigusa mwenyewe. Wenzangu watatu mtanivumilia.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Baba mkwe wangu, kila tukikaa kwenye kahawa pale Majengo, hushikilia kwamba Ben Johnson, yule mkimbiaji wa Kanada, alionewa kwa kunyang'anywa dhahabu ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Anasema wakimbiaji wote nane wa fainali walikuwa wametumia dawa, ila yeye ndiye aliyekosa bahati, kwa hiyo mshindi ni yule yule aliyetangulia kwenye utepe. Mimi nimezaliwa 1991, sikuyaona hayo, na mkwe ni mkwe, siwezi kumbishia mikono mitupu. Nisaidie. *Mkwe mnyenyekevu, Nkuhungu, Dodoma.*

JIBU: Marahaba. Mzee wako hajakurupuka, nianze na hilo. Mengi anayoyasema yana mashiko. Amemsahau mtu mmoja tu, na huyo mmoja ndiye aliyenifanya niandike barua ndefu.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu kijana wa darasa la sita, shule ya msingi iliyo karibu na reli. Uwanja wetu ulikuwa vumbi jekundu, njia tukizichora kwa majivu tuliyoomba kwa mama ntilie, na badala ya bastola nilikuwa nagonganisha vibao viwili. Fainali ya mita 100 ilikimbiwa Seoul Jumamosi, tarehe 24 Septemba. Kule ilikuwa mchana, huku kwetu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Televisheni Bara hatukuwa nayo. Matokeo niliyapata kwa jirani yangu fundi cherehani, ambaye betri za redio yake alizianika juani kila siku kama anayeanika mlenda. Johnson wa Kanada, sekunde 9.79, rekodi mpya ya dunia. Carl Lewis wa Marekani, 9.92. Ukiipima tofauti hiyo ardhini, inakaribia mita moja na nusu. Kwa watu wa daraja lile ni aibu, si kushindwa.

Nilikuwa shabiki wa Johnson. Mzaliwa wa Falmouth, Jamaika, aliyehamia Kanada akiwa kijana mdogo, nyota ya Lewis ikimfunika kwa miaka. Ukutani mwa darasa langu nilikuwa nimebandika picha yake ya gazeti tangu aliposhinda mashindano ya dunia kule Roma mwaka 1987 kwa rekodi ya sekunde 9.83. Kwenye mstari wa kuanzia alitandaza mikono mbali, kifua chini, kisha akaruka kama chura aliyekanyagwa. Basi Jumatatu nikawapanga watoto uwanjani na kuwafundisha kuanza vile. Walianguka kifudifudi, wakacheka, wakarudia.

Jumanne redio ikasema amenyang'anywa medali. Mkojo wake umekutwa na stanozololi, dawa ya kujenga misuli.

Jumatano mtoto mmoja, mwembamba, miguu kama fito, akaninyooshea kidole: “Mwalimu, na ule mkono wa kutandaza, nao ni dawa?” Sikuwa na jibu. Nikamwambia azunguke uwanja mara mbili. Mpaka leo naionea haya adhabu ile.

Jibu nililipata mwaka uliofuata. Serikali ya Kanada iliunda tume chini ya Jaji Charles Dubin. Mbele ya tume hiyo kocha wake, Charlie Francis, alieleza kwamba Johnson alikuwa akitumia dawa hizo tangu 1981. Johnson mwenyewe naye akakiri. Hapo ndipo alipopoteza na rekodi ya Roma, ambako hakukamatwa na kipimo chochote. Dawa za namna ile hazimfundishi mtu kuanza mbio. Kazi yake ni kuufanya mwili upone haraka baada ya mazoezi, mtu aliyenyanyua vyuma leo mpaka akatetemeka aweze kunyanyua tena kesho, wakati mwenzake bado anauguza mapaja. Kwa hiyo mkono wa kutandaza haukuwa dawa. Ila nguvu ya kuutandaza mara elfu bila kuchoka, hiyo ilikuwa na mkono wa mtu.

Sasa turudi kwa mzee wako. Chukua watano wa kwanza kwa mpangilio waliovuka mstari: Johnson, Lewis, Linford Christie wa Uingereza, Calvin Smith na Dennis Mitchell, wote wawili wa Marekani. Lewis alipewa dhahabu. Mwaka 2003 ikajulikana kwamba kwenye mchujo wa Marekani, miezi miwili hivi kabla ya Seoul, alikutwa na kiasi kidogo cha vichangamshi, vya aina inayopatikana pia kwenye dawa za mafua. Wakubwa wa kwao walikubali kwamba hakukusudia, wakamwacha aende. Christie alipanda hadi fedha. Naye huko huko Seoul alikutwa na alama ya kichangamshi, akasema ni chai ya jinsengi, na jopo likamsafisha kwa kura 11 dhidi ya 10. Mwaka 1999 alikutwa na nandroloni, nayo ni dawa ya kujenga misuli, na kufungiwa miaka miwili, ingawa alikana. Mitchell alifungiwa mwaka 1998 kwa ajili ya testosteroni. Johnson aliporudi uwanjani alikamatwa tena mwaka 1993 na kufungiwa maisha.

Umeona? Mzee ana hoja. Ila usiwachanganye kwenye debe moja. Chembe za dawa ya mafua si sawa na miaka saba ya kujidunga, na mwalimu anayempa aliyechungulia mara moja na aliyenunua mtihani mzima adhabu moja hana haki.

Kisha mwulize, kwa adabu zote: “Baba, na Calvin Smith?”

Smith alivuka wa nne kwa sekunde 9.99. Ndiye aliyeweka rekodi ya dunia ya 9.93 mwaka 1983, na katika watano wale ndiye pekee ambaye hajawahi kuwa na kesi ya dawa. Kwenye jukwaa la washindi Jumamosi ile hakuwepo. Wa nne hapandi. Wimbo wa Kanada ulipigwa bila yeye jukwaani, na shaba yake ikamjia baadaye, Johnson alipoondolewa. Ukisema “wote walitumia”, umemnyang'anya huyu mara ya pili.

Hili nalijua kwa macho yangu. Miaka ya baadaye nilihamia sekondari, na kwenye mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, kijana wangu wa mita 200 alishika nafasi ya pili nyuma ya kijeba wa shule moja nisiyoitaja. Kijeba kweli kweli, ndevu amenyoa asubuhi hiyo na tayari zinachungulia. Tulilalamika, tukaambiwa tuna wivu. Miezi miwili baadaye ikathibitika jamaa alikwisha kumaliza kidato cha nne, na cheti cha mshindi wa kwanza kikaletwa shuleni ndani ya bahasha ya kaki. Nikamwita kijana ofisini, nikamkabidhi nikiwa na bashasha. Akakitazama, akasema: “Mwalimu, siku ile nilishalia. Sasa nifurahi lini?” Akakikunja akakiweka mfukoni mwa kaptula.

Kwa hiyo nani alishinda Seoul? Kwenye vitabu ni Lewis, na mimi sina ugomvi na vitabu. Mkwe wako akikataa, agiza kashata nyingine, mzungumzie mvua.

SWALI: Mwalimu, mimi nilisikia kuna mtu alimtilia Johnson dawa kwenye bia kule chumba cha vipimo. Mbona hamlisemi? *Msomaji wa Mpwapwa.*

JIBU: Tunalisema. Johnson mwenyewe ameshikilia hivyo kwa miaka mingi, kwamba alihujumiwa. Lakini maabara haikuona stanozololi peke yake. Iliona pia homoni za mwili wake zimepwaya, dalili ya mtu aliyetumia dawa kwa muda mrefu, si ya aliyeinywa saa moja iliyopita. Pia amekiri miaka ya matumizi. Mtu akikutwa na mbuzi wa jirani zizini, kisha akalalamika kwamba huyu mmoja aliingizwa na adui, wale wengine tutawaelezaje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 19, nakimbia mita 200 na 400. Muda wangu wa mita 200 umegoma kwenye sekunde 23 tangu mwaka jana. Nafanya mazoezi kila siku, asubuhi na jioni. Jamaa wa chumba cha mazoezi ameniuzia kopo jeupe la vidonge, halina karatasi. Anasema ni vitamini, vinatumika hata kwa ng'ombe dhaifu na vinawainua. Nimeze? *Kijana wa Kongwa.*

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimeze.

Umetoka wilaya ya ng'ombe, kwa hiyo tuongee kifugaji. Ile stanozololi ya Johnson nayo imetumiwa na madaktari wa mifugo kuwainua wanyama waliodhoofu. Sisemi ndiyo iliyomo kwenye kopo lako. Nasema maneno ya muuzaji wako yalinisimamisha nywele. Dawa za kundi hilo zikimezwa hulisumbua ini, hukuletea chunusi na hasira, hupunguza mbegu za uzazi, na kijana ambaye mifupa yake bado inakua zinaweza kumfungia urefu. Mwanamume anaweza hata kuota matiti. Jamaa wa kopo hakukutajia hayo, nadhani.

Kuna na sheria. Mwanariadha anawajibika kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua, awe alipewa na kocha, mjomba au muuza kopo. Kwa dawa za kujenga misuli kifungo cha kawaida cha kosa la kwanza ni miaka minne. Ongeza minne kwenye 19 yako uone imebaki nini ya mita 200. Tena siku hizi sampuli huhifadhiwa hadi miaka kumi na kupimwa upya kwa mashine mpya. Nesta Carter wa Jamaika alikimbia kupokezana vijiti Beijing mwaka 2008 pamoja na Usain Bolt, wakachukua dhahabu. Sampuli yake ikafunguliwa tena, ikakutwa na kichangamshi, na Januari 2017 wote wanne wakanyang'anywa. Bolt, ambaye hakukutwa na kitu, alikuwa na dhahabu tisa za Olimpiki, akabaki na nane.

Lakini barua yako ina tatizo lingine, nalo hukuliuliza. Nimeisoma ratiba uliyoambatisha, Jumatatu hadi Jumapili. Mara kumi na nne kwa wiki! Hata trekta la shambani huzimwa. Muda wako haujagoma kwa kukosa vidonge, umegoma kwa uchovu. Fanya hivi: kukimbia kwa kasi kamili siku tatu tu kwa wiki, usizifuatanishe. Siku moja panda kilima, mita 60 hivi, mara sita, ukishuka kwa kutembea. Siku mbili mazoezi mepesi. Jumapili lala, nenda kanisani au msikitini, au ukachunge, ila usikimbie. Kunde, maziwa, mayai, karanga na ugali wa uwele unavyo hapo hapo Kongwa kwa bei nafuu kuliko kopo lile. Baada ya wiki nane nitumie muda wako mpya, uliopimwa na mtu mwingine. Usijipime mwenyewe, kidole cha mwenye mbio kina huruma.

Kopo lipeleke kwa mfamasia wa hospitali ya wilaya, umwonyeshe. Na ukiugua siku yoyote, mwambie daktari mapema kwamba wewe ni mwanariadha, kwa sababu hata baadhi ya dawa za mafua na za maumivu zina masharti siku ya mashindano. Tramadoli, kwa mfano, imepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu Januari 2024.

SWALI: Mbukwa, Mwalimu. Mnaongea Seoul, Seoul. Kwani sisi hatukuwa na mtu kule? Na ile picha ya Ikangaa uliyokuwa nayo darasani, wajukuu wangu wanaitaka. *Bibi wa Kikuyu, Dodoma.*

JIBU: Mbukwa, Bibi. Tulikuwa naye, tena mzaliwa wa hapa hapa Dodoma, Juma Ikangaa. Alikimbia marathoni tarehe 2 Oktoba akashika nafasi ya saba. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, alikuwa wa pili Boston nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya. Saa 2:08:43 kwa 2:08:44, sekunde moja baada ya kilomita 42. Mwaka 1989 akashinda New York kwa saa 2:08:01.

Kuhusu picha, una kumbukumbu kali. Niliibandika pale pale nilipombandua Johnson, kwa gundi ya unga wa muhogo. Mchwa waliipenda gundi. Mwaka 1993 nilikuta wamekula picha, karatasi ya ratiba na kipande cha ubao.