Tiketi ya bei chee na teksi ya saa nne usiku

Desemba 2022, saa nne kasoro usiku, nimesimama nje ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na mke wangu, watoto wawili wanaosinzia, na begi moja kubwa lililofungwa kamba. Dereva wa teksi ananitazama kwa upole wa mtu anayejua huna pa kwenda. "Marangu? Laki na nusu, kaka." Tukavutana mpaka 130,000. Hakuwa na haraka, na kwa nini awe nayo? Shemeji yangu, ambaye angekuja kutuchukua na gari lake mchana, haendeshi usiku kwa sababu ya macho. Haisi za Moshi hazipiti mlangoni pale. Uwanja wenyewe uko Hai, katikati ya Moshi na Arusha, na ukitaka gari la abiria lazima kwanza utoke mpaka njiapanda ya barabara kuu. Usiku ule, na watoto wale, nisingethubutu.

Sasa sikiliza kilichoniuma. Nilikuwa nimeichagua ndege ya usiku kwa makusudi. Nilikaa na simu wiki nzima nikilinganisha bei, nikakuta ya usiku ni nafuu kuliko ya asubuhi kwa 28,000 kwa kila kiti. Watu wanne, nimeokoa 112,000. Nilijisifu mbele ya mama watoto kama mwanafunzi aliyepata A. Kumbe ile bei ya chini haikuwa na mzigo wa kupakia tumboni mwa ndege, ni begi la mkononi tu. Maandishi yalikuwepo, madogo, na sikuyasoma. Kule kaunta nililipia lile begi 60,000. Ongeza teksi 130,000. Nimeokoa 112,000 kwa kutumia 190,000. Jina la kampuni silitaji, maana haikunidanganya. Nilijidanganya mwenyewe.

Tangu siku hiyo sipangi safari kwa kutazama bei ya tiketi. Nina daftari, la karatasi kabisa, na kila safari ina ukurasa wake: kutoka mlangoni kwangu Kimara, Dar es Salaam, mpaka mlangoni ninakofikia. Usafiri wa kwenda uwanjani au stendi, nauli yenyewe, mzigo, chakula cha njiani, makato ya kulipia, usafiri wa kule mwisho, na kama kuna usiku wa gesti, nao unaingia humo. Namba ya chini kabisa ya ukurasa ndiyo bei. Hizo nyingine ni matangazo.

Ukifanya hivyo mambo hugeuka. Mimi nakaa Kimara, stendi ya Magufuli pale Mbezi naifikia kwa bodaboda kabla chai haijapoa. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere uko upande wa pili wa jiji, na foleni yake mnaijua. Mtu wa Ukonga au Kipawa hesabu yake ni nyingine kabisa, kwake ndege inaweza kushinda. Ndiyo maana siamini ushauri wa "panda hiki, acha kile". Niambie kwanza unaishi wapi.

Nije kwenye jambo ambalo wengi wanalichanganya. Tunaambiwa "kata tiketi mapema, utapata bei nafuu." Kwa ndege ni kweli. Kwa basi na treni, bei kwa kawaida haiko mikononi mwa anayekuuzia. Nauli za mabasi zina ukomo uliowekwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, kwa kilomita: viwango vilivyotangazwa mwishoni mwa 2023 ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Dar mpaka Moshi ni kama kilomita 560. Zidisha mwenyewe: 27,000 na kidogo kwa la kawaida, kama 38,000 kwa la kati. Ukishajua namba hizo, mpiga debe akikuambia "zimebaki siti mbili, leta hamsini" una cha kumjibu. Kwa hiyo kwenye basi ukiwahi hupati punguzo, unapata kiti, na unapata kukichagua, dirishani, mbali na tairi la nyuma. Desemba hilo peke yake ni utajiri. LATRA hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada msimu ule, lakini gari la ziada hulijui hali yake, na mimi na watoto wangu tunapenda kujua.

Treni ni vivyo hivyo. SGR, ile reli ya kisasa, ilipoanza kubeba abiria, Dar mpaka Morogoro Juni 2024 na mpaka Dodoma Julai mwaka huohuo, nauli ya daraja la kawaida kwenda Dodoma ilikuwa 31,000, na ilikuwa hiyohiyo kwa aliyetafuta wiki mbili kabla na aliyetafuta jana yake, ila huyu wa jana alikuta siti zimeisha. Unachagua safari kwenye mtandao wa TRC, shirika la reli, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Usiseme "nitalipa jioni." Nimefanya hivyo nikakuta siti imerudi sokoni, na sokoni kuna watu.

Na Dodoma ina kalenda yake. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni, na miezi hiyo mji unajaa watu wenye posho. Vyumba vinapanda, treni za Jumapili jioni na Ijumaa zinajaa. Mimi nikiwa na shughuli kule ambayo tarehe yake naweza kuipanga, naisukuma mpaka Julai, au nakwenda Jumanne na kurudi Alhamisi. Ukienda Zanzibar kula Idi, ujue mwezi haujali tiketi yako: kata ya siku mbili kabla, maana wanaosubiri kuandama kwa mwezi ndipo waende bandarini watakutana wote kwenye foleni moja ya boti.

Ndege sasa, maana huko ndiko kuna ujanja wenyewe. Wanaokumbuka Fastjet ilipoanza kuruka nchini Novemba 2012 wanakumbuka na tangazo lake, nauli kuanzia 32,000 kabla ya kodi. Neno la kushika pale lilikuwa "kuanzia", na jingine "kabla ya kodi". Bei ile ilikuwepo kweli, kwa viti vichache, kwa waliowahi. Ndege ina viti vinavyofanana macho kwa macho lakini kampuni imevigawa mafungu: fungu la kwanza rahisi, likiisha linafunguliwa la pili, likiisha la tatu. Aliyekaa kushoto kwako huenda amelipa nusu yako.

Ndani ya mafungu hayo kuna kitu nilikigundua kwa bahati. Ukiuomba mtandao tiketi za watu wanne kwa mpigo, na fungu la bei ya chini limebaki na viti viwili tu, hauwezi kukupa wawili huku na wawili kule. Unawahamisha wote wanne fungu la juu. Mwaka juzi nilitafuta kwa watu wanne nikaona 245,000 kila mmoja. Nikajaribu kwa wawili, mkubwa mmoja na mtoto mmoja, ikaja 210,000. Nikawakatia hao, kisha nikamkatia mke wangu na mtoto wa pili kwa 245,000. Elfu sabini imebaki mfukoni kwa dakika tano za kubofya. (Bei ya mtoto hupungua kidogo kwenye baadhi ya kampuni, nimeiacha ili hesabu isiwe ndefu.) Kila mtoto awe na mkubwa wake kwenye tiketi, na ukimaliza piga simu kwa kampuni uwaambie hizi tiketi mbili ni za familia moja, ili ndege ikibadilishwa muda wasiwahamishe nusu yenu.

Watu wananiuliza sana kama bei inapanda kwa sababu simu "imewajua" kwamba wanaitaka. Wengine wanafuta historia, wanabadili simu, wanaazima ya mtoto. Mimi nimeshajaribu vyote nikaona bei ileile. Nadhani mara nyingi kinachotokea ni kwamba ulipoondoka kwenda kuulizia wenzako, mtu mwingine alichukua kiti cha mwisho cha fungu lile. Dawa yake ni kuamua kwanza, halafu ndipo ufungue mtandao. Kikao cha familia kifanyike Jumapili baada ya chakula: tarehe, idadi ya watu, mzigo. Ukitafuta tiketi huku shemeji hajathibitisha kama anakuja, unajitafutia presha.

Kuhusu siku. Sisi wenye ndugu kule Kilimanjaro tuna desturi moja inayojulikana nchi nzima: ikifika wiki ya Krismasi tunaelekea kaskazini wote, na ikipita Mwaka Mpya tunarudi wote. Njia moja inafurika, ya kinyume inapumua. Mwaka 2023 nikasema, kwa nini twende watu wanne kwa bei ya mafuriko wakati bibi anaweza kuja mtu mmoja kwa bei ya ukame? Tukamleta mama mkwe Dar tarehe 20 Desemba, ndege kutoka KIA ikiwa na viti vya kuchagua, kwa nauli ambayo ingemtosha mmoja wetu nusu njia kwenda kule. Kwa hesabu lilikuwa ushindi mkubwa kuliko yote niliyowahi kupata. Kwa mambo mengine, hapana. Alilalamikia joto tangu siku ya kwanza, akamkuta mbuzi wa Dar hana ladha, na tarehe 26 akauliza tiketi ya kurudi inaweza kusogezwa mbele kiasi gani. Ilikuwa tiketi isiyobadilishwa. Nilikuwa nimechukua ile ya bei ya chini tena.

Hapo nikajifunza kusoma masharti mawili kabla ya kulipa, hata kama sitasoma mengine: kubadili tarehe ni kiasi gani, na mzigo ni kilo ngapi. Safari ya harusi nanunua tiketi ngumu, ile isiyobadilishwa, kwa sababu harusi haisogei. Safari ya mzee mgonjwa naongeza pesa nipate tiketi inayobadilika.

Malipo. Mitandao ya kimataifa ya kulinganisha bei naitumia kutazama tu. Nikishaona ndege na saa, nahamia kwenye mtandao wa kampuni yenyewe. Sababu ni mbili. Kwanza, kule bei mara nyingi imeandikwa kwa dola, na benki ikigeuza kwenye kadi yako inatumia kiwango chake, siyo kile unachokiona kwenye taarifa ya habari. Pili, siku ndege ikiahirishwa, kampuni itakuambia umpigie aliyekuuzia, na aliyekuuzia yuko nchi usiyoijua, anaongea na wewe kwa roboti. Mitandao ya kampuni za hapa nyingi inapokea malipo ya simu, kwa shilingi. Hata usipokuwa na kadi ya benki unaweza kulipa.

Ila uwe na macho. Kila Desemba kuna kurasa za mitandao ya kijamii zenye nembo ya kampuni za mabasi au boti, picha nzuri, na namba ya kutumia pesa. Ukianza muamala jina linalotokea ni la mtu binafsi. Hapohapo acha. Mpwa wangu alipoteza 76,000 namna hiyo, na akafika stendi na ujumbe wa simu ulioandikwa "tiketi imethibitishwa" ambao hakuna mtu pale aliyeutambua. Malipo halali huja na jina la kampuni au namba ya malipo, na baadaye tiketi yenye namba yako ya kiti.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Mke wangu nyumbani, kanisani na kazini anajulikana kwa jina ambalo halipo kwenye kitambulisho chake chochote, na ndilo nililomkatia tiketi mara ya kwanza. Kulirekebisha kulituchukua nusu saa ya kubembeleza kaunta huku foleni nyuma yetu ikiguna. Tiketi yenyewe ihifadhi kama picha kwenye simu, kwa sababu bando huwa linakata mahali lilipo geti.

Kuhusu malazi sina mengi. Naangalia mtandaoni, nasoma maoni ya waliolalamika (wanaosifu huwa hawasemi kitu), kisha natafuta namba ya gesti yenyewe nawapigia. Mitandao ile inawakata wenye nyumba kamisheni, na wengi wakisikia unakuja moja kwa moja wanakupunguzia kidogo au wanakuwekea chai. Uliza maji ya moto na jenereta. Basi.

Desemba hii tunakwenda Marangu kwa basi la usiku, tarehe 17, kabla mafuriko hayajaanza. Usafiri wa usiku ulirudi rasmi Oktoba 2023, na gari linatufikisha Moshi alfajiri, wakati haisi za kwanza zinaanza kuita na macho ya shemeji yanaanza kuona vizuri. Ukurasa wa daftari unasoma 214,000 kwa watu wanne, mlango kwa mlango, na begi la kamba limo ndani yake bila kulipiwa. Mama watoto ameshauliza kama tunaweza kurudi kwa ndege. Nimemwambia niko kwenye hesabu.